Siku Isiyo na Salamu

Kijiji kile kiliponzwa na adabu yake. Tuliseme hilo mapema, mtu asije akamtafuta mchawi mahali ambapo hakuna mchawi.

Kilikuwa kijiji kidogo, nyumba ishirini na chache, kimebanwa kati ya mto na mlima. Kila mwaka mvua zikishakatika, watu wa mbali walikuja kutembea huko kwa miguu yao, na fimbo mbilimbili na kofia pana, kwa sababu tu mlima ulikuwa mzuri. Wenyeji hawakumwelewa vizuri mtu anayepanda mlima bila kufuata kuni wala ng'ombe, lakini waliwapenda wageni hao. Waliwapa chai, wakawapa pa kulala, wakawaonyesha njia. Njia yenyewe ilianzia kwenye kibao kando ya mto, ikapita uani kwa watu, ikapanda msitu wa misonobari hadi kwenye maporomoko ya maji, ikafika Jiwe la Juu ambako unaliona bonde lote. Kisha ilizunguka ikateremkia ng'ambo ya mto, kwenye nyumba tano za huko, na kurudi kijijini kwa daraja la waya.

Njia hiyo aliifungua Bi Posta kwa nyayo zake. Simpambi. Alikuwa mpeleka barua kwa miaka thelathini na mmoja, na kabla yake hapo palikuwa vichaka tu. Sasa alikuwa na miaka sitini na minane. Alishastaafu, goti lake la kulia lilitabiri mvua vizuri kuliko redio, na mkoba wake wa ngozi ulining'inia msumarini nyuma ya mlango wa jikoni.

Basi ofisi ya njia za mlimani ikamtuma mpimaji. Ilikuwa inachora ramani mpya, na sharti lake lilikuwa moja: njia ya watembeaji wa kawaida isichukue zaidi ya saa tano kwenda na kurudi. Ikizidi inafutwa, na njia iliyofutwa haikarabatiwi. Daraja la waya lilikuwa linasubiri mbao mpya. Mbao zisipokuja lingefungwa, na wa ng'ambo wangebaki ng'ambo.

Mpimaji alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi, saa kubwa mkononi, na malezi mazuri. Hayo malezi ndiyo yaliyoleta balaa. Alitembea na Mwenyekiti wa kijiji, na Mwenyekiti hakuwahi maishani mwake kupita uani kwa mtu bila kusalimia. Na salamu za kule si neno moja la kutupa huku unapita. Ni kikao. Unaulizwa umeamkaje, wazazi hawajambo, mvua huko kwenu zikoje, safari ilikuwaje, na kabla hujamaliza kujibu kiti kimeshatolewa na chai inamiminwa. Kijana wa watu angekataaje? Alikunywa vikombe kumi na vinne. Nyumba ya mwisho kabla ya daraja ilikuwa ya Bi Salamu, dada mkubwa wa Bi Posta, na jina hilo hakupewa bure. Alimkalisha dakika hamsini, na kijana aliondoka pale akiwa ameeleza mpaka habari za mbuzi wa bibi yake aliyekufa zamani.

Walirudi kwenye kibao saa kumi na nusu jioni. Kijiji kizima kilifurahi. Tumempokea vizuri, walisema, mwenyewe ameona. Mwenyekiti alilala usingizi wa mtoto.

Wiki tatu baadaye barua ikaja. Muda wa njia: saa nane na nusu. Njia imefutwa.

Mwenyekiti aliisoma barua hiyo mbele ya watu, nje ya duka, akavua miwani, akaipangusa, akaisoma tena kana kwamba ingebadilika.

"Masaa nane na nusu?" Bi Posta alisimama. "Nani aliyepimwa, mtu au kobe? Mimi nilikuwa naipita na mkoba wa kilo kumi na tano, narudi watoto hawajatoka shule!"

"Kijana ameandika alichokiona," Mwenyekiti alisema kwa sauti ndogo. "Hakudanganya. Tulitoka saa mbili, tukarudi saa kumi na nusu."

"Mlikuwa mnafanya nini njiani?"

Mwenyekiti alitazama chini. "Tulikuwa tunasalimia."

Watu walicheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja alikumbuka kikombe chake. Bi Posta hakucheka. Aliumia, na alijua sawasawa kinachomuuma. Dada yake aliolewa ng'ambo, akafiwa na mume huko huko, na akasema huko ndiko atakakozikwa. Kwa daraja ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Bila daraja ilikuwa kuzunguka kwa barabara kuu nusu ya siku, na kwa umri wao maana yake ilikuwa wataonana misibani. Wao wawili ndio waliobaki wa tumbo la mama yao. Usiku ule alimwambia Mwenyekiti aandike rufaa, na asipojua kuandika amwachie yeye, anajua anwani.

Ofisi ilijibu kiungwana. Njia itapimwa mara moja tu, ya mwisho. Atembee mtu mmoja wa kijijini, mwenye zaidi ya miaka sitini, asiyesaidiwa. Mpimaji atafuata nyuma. Kuanza saa mbili kamili asubuhi, na mwisho saa saba mchana.

Wenye zaidi ya sitini walihesabika. Seremala alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji. Mwenyekiti mwenyewe alihema akipanda ngazi mbili za ofisi yake. Wengine walikuwa wazee wa kuheshimiwa, si wa kupanda mlima.

"Nitakwenda mimi," alisema Bi Posta.

"Na goti?"

"Litakuja nami. Halina pa kwenda."

Ndipo Mwenyekiti akatoa amri ambayo haikuwahi kutolewa kijijini hapo tangu mto uanze kutiririka. Siku hiyo, mtu yeyote asimsalimie Bi Posta. Asimkaribishe, asimpungie mkono, asimuulize lolote. Kelele zilizozuka ungedhani amewaambia wachome nyumba zao.

"Mimi nimwone Bi Posta anapita nikae kimya?" mama mmoja mwuza chai alifoka. "Barua ya posa yangu ameileta yeye! Mdomo wangu si utaoza?"

"Utaoza siku moja," Mwenyekiti alisema. "Daraja litaoza milele."

Wakakubali shingo upande. Ikabaki kazi ya kumwambia Bi Salamu, ambaye hakufika kwenye mkutano. Tangu ubao mmoja wa daraja uvunjike miaka miwili nyuma, hakuwa amevuka mto. Mwenyekiti alidhani Bi Posta atamwambia, maana ni ndugu yake. Bi Posta alidhani Mwenyekiti atamwambia, maana amri ni yake. Na ukweli wenyewe ni kwamba hakuna aliyekuwa na kifua cha kwenda kumwambia Bi Salamu asisalimie. Kwa hiyo hakuambiwa.

Siku ilipofika, Bi Posta aliamka mapema, akajifunga kitambaa gotini, akanywa chai yake amesimama. Alipofika mlangoni akarudi. Aliutoa ule mkoba msumarini, akaupangusa vumbi, akatia chupa ya maji na viazi viwili vya kuchemsha, akauvaa. Bega lililegea lenyewe kwa mazoea, na yeye akajisikia ameongezeka urefu.

Mpimaji alikuwa kwenye kibao, fomu mkononi, uso umejaa aibu.

"Shikamoo mama. Kuhusu ile mara ya kwanza, mimi kwa kweli..."

"Marahaba. Chai ilikuwa tamu?"

"Tamu sana."

"Basi hujakosea. Tazama saa yako, mwanangu, twende."

Saa mbili kamili waliondoka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwuza chai. Mama yule alikuwa uani anafagia, na alipomwona Bi Posta aligeuka haraka akaukabili ukuta, akawa anaufagia ukuta. Nyumba ya pili, mzee alikuwa anapalilia. Mpimaji, kwa malezi yale yale, akateleza: "Habari za asubuhi, mzee!" Mzee aliangusha jembe akakimbilia ndani kama aliyeona chui. Nyumba ya tatu mtu alijifunika ndoo kichwani. Bi Posta alitaka kucheka, akaumeza mcheko, maana mcheko ungemla pumzi.

Lakini kufika nyumba ya tano, hamu ya kucheka ilikuwa imemtoka. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna mtu aliyewahi kumpa mgongo. Alikuwa akiitwa kabla hajatokeza, na mbwa walimjua kwa harufu ya ngozi ya mkoba. Sasa alipita katikati ya watu wake na kila mgongo ulikuwa wa mtu anayempenda, naye alijua hivyo, na bado moyo ulimwuma. Aliwaza kwamba labda hivi ndivyo mtu aliyekufa anavyopita kwake mara ya mwisho, anaona kila kitu na hakuna anayemwambia karibu. Hatua zake zikapungua.

Nyuma yake mpimaji alikohoa. Hakuruhusiwa kusema, lakini kukohoa hakukukatazwa.

"Nimesikia," alisema Bi Posta, akapiga moyo konde.

Msituni alijipata. Huko hakukuwa na watu wa kumnyima salamu, na miguu ilikumbuka yenyewe: hapa mzizi, hapa jiwe linalocheza, hapa utelezi hata kiangazi. Saa tatu na nusu walikuwa kwenye maporomoko, matone baridi yanawapiga usoni. Saa nne na dakika ishirini alishika Jiwe la Juu kwa kiganja, kama alivyolishika kila safari, akala kiazi kimoja huku anatazama bonde. Mto ulikuwa chini kabisa, umejikunja, na kijiji kando yake kingeweza kufunikwa kwa kidole gumba. Kijiji chenyewe ndicho hicho, alijiambia, na mtu ofisini anataka kukifuta kwa kifutio.

Kiazi cha pili alimpa mpimaji, aliyekuwa mwekundu wa macho na jasho limemlowesha shati lake la pasi.

"Mama, unatembea," kijana alisema, akasahau fomu yake.

"Bado hujaona mteremko."

Nao mteremko ukamwona yeye. Kupanda ni mapafu, kushuka ni magoti, na lile la kulia lilianza kunung'unika kwenye kona ya tatu, likapiga kelele kwenye ya saba. Alishuka kiubavu. Alishika matawi. Saa sita kamili ndipo walipoifikia nyumba ya kwanza ya ng'ambo, na alipaswa kuwa pale nusu saa nyuma. Huko nako migongo, kimya, mama mmoja analia waziwazi huku anatazama ukuta wa nyumba yake. Alipoona paa la nyumba ya dada yake ilikuwa saa sita na dakika ishirini na tano. Kutoka pale hadi kwenye kibao ni dakika ishirini kwa mtu mzima. Kwa goti lile, Mungu ndiye ajuaye.

Na Bi Salamu alikuwa amesimama katikati ya njia.

Ndipo Bi Posta alipokumbuka kwamba hakumwambia. Akamgeukia mpimaji, mpimaji akamtazama yeye, na wote wawili wakajua pia kwamba Mwenyekiti hakumwambia.

"Mgeni wangu!" Bi Salamu aliita, mikono wazi, miaka sabini na minne na sauti ya kuita ng'ombe. "Tangu asubuhi nasikia majirani kimya, nikasema pana msiba. Kumbe ni wewe! Njoo ukae, kiti kiko kivulini. Umeamkaje?"

Moyo wa Bi Posta ulivunjika vipande viwili. Kumpita dada mkubwa mlangoni kwake ni jambo ambalo mama yao angefufuka kuja kulisemea.

"Shikamoo dada," alisema, na miguu haikusimama. "Nisamehe. Siwezi kusimama."

Bi Salamu alibaki na mikono hewani. Mpimaji alifumba macho. Bi Posta alimpita dada yake hatua moja, mbili, tatu, na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke kwa kuwa kuyafuta kungemchelewesha.

"Wewe!" Sauti nyuma yake. "Huo mgongoni si mkoba?"

"Ni mkoba, dada."

"Uko kazini?"

"Niko kazini."

"Si ulistaafu?"

"Leo nimerudi. Nisipofika kwenye kibao kabla ya saa saba, wanafunga daraja."

Fimbo ya dada yake ikagonga jiwe.

"Mwenye mkoba hasimamishwi," alisema Bi Salamu. "Hilo mimi ndiye niliyewafundisha watu wa huku, ulipokuwa msichana unaanza kazi, wakawa wanakuchelewesha na vikombe vyao. Umesahau? Sijasahau. Lakini kunipita bila salamu, hapana. Tembea! Nitakuuliza huku tunatembea."

Akaja nyuma yake na fimbo yake, hatua kwa hatua.

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Usinijibu kwa mdomo tu, jibu na mguu. Umelalaje?"

"Vizuri."

"Goti je?"

"Linaniua, dada."

"Lingekuwa linakuua ungeshakufa. Paa la jikoni bado linavuja?"

"Limezibwa."

"Nani kaziba?"

"Seremala, kabla ya upasuaji."

"Anaendeleaje?"

Kila swali lilikuwa hatua na kila jibu hatua nyingine. Bi Posta, aliyenyimwa salamu tangu saa mbili asubuhi, alizinywa hizo kama maji. Goti halikupona, lakini lilipata la kusikiliza. Nyuma yao mpimaji alikuwa anapekua fomu yake huku anakimbia. Fomu ilisema mtembeaji asisaidiwe kwa mkono, kamba wala mnyama. Haikutaja maswali. Akaikunja, akaitia mfukoni, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Wakafika darajani. Bi Posta akaingia, daraja likayumba, akaruka pengo la ubao uliovunjika kwa mguu mzima. Kisha akageuka kidogo tu. Dada yake alikuwa amesimama ukingoni, anatazama lile pengo na maji yanayopita chini yake.

"Dada, rudi. Umenifikisha."

"Sijamaliza," alisema Bi Salamu. "Nimebakiza kukuuliza kuku."

Akavua viatu, akavitia kwapani, akavuka. Miaka miwili aliyoliogopa lile pengo iliishia hapo, kwa sababu ya kuku.

"Kuku wangapi?"

"Tisa!"

"Hawajambo?"

"Hawajambo!"

Kijiji chote kilikuwa kimejipanga kwenye kibao, mikono midomoni. Walimwona Bi Posta anatokeza kwenye mianzi, mkoba begani, amekaza uso, na nyuma yake Bi Salamu peku, viatu kwapani, na nyuma yao mtu wa serikali anakimbia kama mtoto aliyechelewa shule. Hakuna aliyethubutu kutoa sauti. Bi Posta alikipiga kibao kwa kiganja, mlio wake ukasikika hadi ng'ambo.

Mpimaji alitazama saa. Akaitazama tena, kwa sababu hakutaka kukosea mara ya pili.

"Saa saba kasoro dakika tatu," alisema. "Imepita."

Wote walimtazama Mwenyekiti awafungulie midomo, na Mwenyekiti mwenyewe akatikisa tu kichwa, miwani ikamwanguka.

Bi Posta aliwatazama mmoja mmoja, anahema, jasho linamchuruzika.

"Jamani," alisema, "mmekufa? Nisalimieni!"

Nani angeweza kuandika kelele zile? Mwuza chai alikuwa wa kwanza kumkumbatia, akimwaga salamu za asubuhi, mchana na jioni kwa pamoja. Mzee wa jembe alimwomba radhi mpimaji kwa kumkimbia, akamwomba na mara ya pili. Watu walisalimiana hata wao kwa wao, waliolala nyumba moja, kwa sababu salamu zilikuwa zimewajaa. Bi Posta alishikwa mikono yote miwili, akainuliwa, akateremshwa, akacheka hadi akakaa chini. Alikuwa ameshinda, na alitaka kila mtu aone kwamba ameshinda.

Bi Salamu alisubiri wapungue. Alivaa viatu vyake taratibu, akakiweka sawa kitambaa cha kichwani, akaja akasimama mbele ya mdogo wake.

"Vua huo mkoba."

Bi Posta akauvua.

"Haya. Zile zilikuwa za kazini. Sasa anza vizuri."

Bi Posta akasimama, akashika mikono ya dada yake kwa mikono yake yote miwili. "Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu," alisema Bi Salamu, na sauti yake ya kuita ng'ombe ilikuwa ndogo sana. "Karibu nyumbani. Umetembea."

Mpimaji aliondoka kijijini saa kumi na nusu, kwa kuwa chai haikuepukika. Mbao mpya zilikuja kabla ya msimu wa wageni, na pamoja nazo kibao kipya kilichoandikwa na mpimaji mwenyewe. Ofisi ilitaka kufuta maneno mawili ya mwisho, akakataa katakata. Kilisema: Njia ya Barua. Saa tano kasoro dakika tatu, bila salamu.

Bi Salamu, ambaye sasa alivuka mto kila alipotaka, alikuja kusomewa kibao hicho. Alisikiliza mpaka mwisho, akaguna.

"Bila salamu? Nani huyo atakayetembea hivyo?"

Watembeaji wa kwanza wa msimu ule walifika mlangoni kwake saa sita mchana, wawili, na kofia zao pana. Waliondoka saa nane.